Kumbukumbu au Hifadhi? Neno Moja Halitoshi Vifaa Viwili

Kwa miaka mingi wataalamu wa Kiswahili wamebishana iwapo mashine ile iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta. Mjadala huo una manufaa yake, ila umefunika tatizo zito zaidi lililomo ndani ya mashine yenyewe. Neno kumbukumbu limebebeshwa dhana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa.

Dhana ya kwanza ni ile nafasi ambamo programu huwekwa zinapoendeshwa, ambayo mafundi huiita RAM. Nafasi hii huchangia kuamua ni kazi ngapi zitafanywa kwa pamoja bila mashine kulemewa. Na stima ikipotea, vyote vilivyomo hufutika. Dhana ya pili ni mahali pa kuwekea faili, ambapo data hudumu hata mashine ikizimwa. Aghalabu zote mbili huitwa kumbukumbu, na zote mbili hupimwa kwa gigabaiti. Hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa.

Mwanafunzi ambaye tarakilishi yake inajikokota aambiwapo kwamba kumbukumbu ni ndogo, huenda akakimbilia dukani kununua diski ya nje ya terabaiti 1. Akiichomeka, atapata nafasi tele ya kuweka tasnifu yake na rekodi za nyanjani, lakini kazi zilizolemea RAM zitaendelea kuilemea. Fedha zimekwenda, shida imebaki.

Ni kweli kwamba pamewahi kuwa na jaribio la kuziba pengo hilo kwa kifaa cha nje. Mwaka 2007, Microsoft ilitoa Windows Vista ikiwa na ReadyBoost, mbinu iliyotumia diski mweko kuweka nakala za data ili baadhi yake isomwe upesi kuliko kutoka kwenye diski kuu. Hata hivyo, diski mweko haikugeuka kuwa RAM. Ilikuwa msaidizi tu wa diski kuu, na ndiyo maana ingeweza kuchomolewa bila data kupotea.

Wapo watakaodai kwamba muktadha hutofautisha maana. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi, ilhali kumbukumbu za mzee zimo akilini, na hakuna anayekanganyikiwa. Hoja hii ina mashiko katika mazungumzo ya kawaida. Istilahi, hata hivyo, hutarajiwa kumfaa asiyejua, wala si yule anayejua tayari. Wengine watasema kwamba hifadhi nalo lina maana ya kukumbuka, kwani mwanachuoni huhifadhi Kurani. Naam, lakini kilichohifadhiwa kifuani hakimtoki mwenyewe anapolala. Hiyo hasa ndiyo sifa ya diski, na ndiyo sifa ambayo RAM haina.

Kwa hivyo, RAM na iitwe kumbukumbu ya muda. Diski na iitwe hifadhi. Nayo diski inayochomekwa kutoka nje iitwe hifadhi ya nje. Maneno haya si mageni kwa msemaji yeyote. Kinachosalia ni CHAKITA nchini Kenya, BAKITA nchini Tanzania na idara za Kiswahili vyuoni kuyasawazisha, na walimu kuyatumia bila kuyachanganya. Lugha inayotaka kufundishia sayansi haiwezi kumwacha mnunuzi akisie maana mbele ya muuzaji. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.