KISASI CHA KAUBOI SI KISASI CHA QUR'AN



Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna picha ya kauboi iliyotengenezwa Italia mwaka 1967, Death Rides a Horse, ambayo baadhi ya vijana wetu hapa Remera wanaiangalia kwenye simu na kuisifu sana. Mtoto Bill anaona wazazi na dada yake wakiuawa. Miaka 15 anajifunza bastola, kisha anawawinda wauaji mmoja mmoja. Vijana wanashangilia: staringi kalipiza! Tukiwakataza wanatujibu: "Ustadhi, mbona Qur'an nayo imeandika kisasi?"

Hoja hiyo hatuikubali. Aya ya 178 ya Suratul Baqarah inayotaja kisasi, hiyo hiyo inafungua mlango wa kusamehe na kupokea fidia. Suratul Israa, aya ya 33, inamkataza walii wa aliyeuawa kupindukia mipaka. Na wanazuoni wamefundisha kuwa kisasi hupita kwa hakimu na ushahidi, si kwa mtu mmoja mwenye farasi na hasira.

Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), katika vita vya Uhud. Aliposilimu, Mtume alimwacha hai, ila alimtaka asimwonyeshe uso wake. Uchungu ulibaki, lakini damu haikumwagwa.

Nchi yetu ina watu wengi walioona utotoni aliyoyaona Bill. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mayatima wengi waliwalea wadogo zao wakiwa bado watoto wenyewe. Mahakama za Gacaca zilipofungwa mwaka 2012 zilikuwa zimepitia kesi zaidi ya milioni 1.9. Lau kila yatima angefuata njia ya Bill, leo tungeishi mtaa gani kwa amani? Mashujaa ni hao, wala hawana bastola kiunoni.

Tena mashabiki wanasahau mwisho wa picha yenyewe. Bill anagundua kuwa Ryan, aliyesafiri naye, alikuwa na genge lile usiku ule, na ndiye aliyemwokoa motoni. Anamwacha aende zake. Staringi mwenyewe amesamehe, shabiki bado anapiga makofi ya risasi!

Wazazi, kuzima simu hakutoshi. Kaeni na watoto muwaulize: aliyekukosea shuleni jana, umemfanyia nini leo? Hapo ndipo elimu inapoanza.

Wabillahi tawfiq.