Taa ya DPF imewaka? Kabla hujamwambia fundi akikate kichujio, soma hapa

Kama unaendesha gari la dizeli lililotoka Japani miaka ya karibuni, kuna taa moja ndogo ya njano ambayo hutaki kuiona kwenye dashibodi. Imechorwa kama kisanduku chenye bomba kila upande na vidoti katikati. Ikiwaka, gari linakwambia kwamba kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ambacho kila gereji inakiita DPF, kinajaa.

Wengi wanaipuuza. Baada ya muda inawaka na taa ya injini, gari linakosa nguvu, hata mlima mdogo linaupanda kwa kujivuta. Ukifika gereji, ushauri mara nyingi ni mmoja tu: "Boss, hii tuikate." Ni nafuu kuliko kununua kipya, kazi inaisha haraka, na gari linarudi na nguvu zake.

Ni jibu linaloeleweka. Shida ni kwamba halifuti bili, linaihamisha tu: inatoka mfukoni mwa mwenye gari na kwenda kwenye mapafu ya watu walio kando ya barabara. Tena mara nyingi ugonjwa wenyewe haukuanzia kwenye kichujio.

Magari haya yametoka wapi?

Mwaka 1999 Shintaro Ishihara, aliyekuwa gavana wa Tokyo, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki iliyojaa masizi meusi ya dizeli. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa ya jirani ikaanza kuyazuia malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha moshi. Ulaya nayo ikabana: viwango vya Euro 5, vilivyoanza mwaka 2009, viliwaacha watengenezaji bila ujanja. Gari jipya la dizeli lilipaswa kuwa na kichujio.

Sasa hesabu miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania haijaweka marufuku kama hiyo, ila inatoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani. Kwa hiyo dizeli za Japani zinazoshuka Mombasa na Dar es Salaam siku hizi, kama Mazda CX-5 na Toyota Prado ya lita 2.8, zinakuja na DPF ndani. Sheria za umri wa gari zimetuletea teknolojia safi. Hazikutuletea barabara, mafundi wala ukaguzi wa kuitunza.

Kinafanyaje kazi?

DPF ni kama sega la nyuki lililotengenezwa kwa kauri. Moshi unalazimishwa kupita kwenye kuta zake nyembamba, masizi yanabaki. Kikiwa kizima kinakamata zaidi ya asilimia 95 ya chembe zinazotoka kwenye injini.

Lakini chochote kinachokamata uchafu lazima kisafishwe, na DPF hujisafisha kwa moto. Ukienda mwendo mzuri barabara kuu, joto la ekzosi linachoma masizi polepole bila wewe kujua. Lisipotosha, kompyuta ya gari inaongeza dizeli kidogo ili joto ndani ya kichujio lifike karibu nyuzi 600. Kazi hiyo huchukua kama dakika 10 hadi 20.

Hapo ndipo foleni inapotukamata. Mtu anayetoka Mikocheni kwenda Masaki, au Kilimani kwenda Westlands, anaendesha kilomita chache, anasimama, anasogea, anazima. Gari linaanza kuchoma masizi, yeye anafika na kuzima injini. Kesho hivyo hivyo. Mwisho kichujio kinajaa kabisa.

Kuna hatari nyingine watu hawaijui. Ile dizeli ya ziada isipoungua yote, nyingine inachuruzika na kuchanganyika na oili ya injini. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta oili imepanda badala ya kushuka. Usifurahi. Oili iliyochanganyika na dizeli imekuwa nyepesi na hailindi injini. Kwenye CX-5 ya dizeli, Mazda wameweka kabisa alama ya X kwenye kijiti hicho. Oili ikifika hapo, imwage uweke mpya.

Je, mafuta yetu ndiyo mabaya?

Ni lawama ya kawaida kijiweni, na ina nusu ya ukweli. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na Januari 2015 Afrika Mashariki ikaanza kutumia kiwango kipya cha dizeli: salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Japani na Ulaya kiwango ni 10.

Yaani dizeli yetu haijafikia ile gari lilikozaliwa, lakini sehemu 50 zinatosha DPF kufanya kazi. Kama mafuta hayajachakachuliwa, mshukiwa wa kwanza ni jinsi unavyoendesha, wa pili ni oili unayoweka, wa tatu ni ubovu mwingine kwenye injini.

Oili ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu hayo yanatokana na viambato vya oili, na yakishajaa hakuna mwendo wa barabarani utakaoyatoa. Ndiyo maana magari haya yanataka oili ya majivu machache: kwenye kopo tafuta maandishi DL-1 kwa gari nyingi za Kijapani, au C3 kwa nyingi za Ulaya. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Taa ikiwaka, fanya hivi

Kama ni taa ya DPF peke yake, haimulikimuliki na gari lina nguvu, bado una nafasi:

1. Pima oili kwanza. Ikiwa imepita alama ya juu, usiende popote, ibadilishe.

2. Hakikisha mafuta yako juu ya robo tangi. Magari mengi hayaanzi kujisafisha tangi likiwa karibu tupu.

3. Tafuta barabara inayotembea: Kibaha kwenda Chalinze, Southern Bypass ya Nairobi, Entebbe Expressway kwa walio Kampala. Jumapili alfajiri ni wakati mzuri.

4. Injini ikishapata moto, nenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa bila kusimama kwa dakika 20 hivi, ukitumia gia ya chini kidogo ili mzunguko wa injini uzidi 2,000.

5. Ukisikia feni inavuma na kuna harufu ya kuungua, usizime. Na usiegeshe juu ya nyasi kavu, ekzosi ni ya moto mno.

Ikiwa taa inamulika, au taa ya injini imeungana nayo na gari limepoteza nguvu, usililazimishe. Hapo ni mashine ya fundi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kwanza: kompyuta inasema masizi ni kiasi gani, na majivu ni kiasi gani? Masizi yanaweza kuchomwa kwa mashine gereji. Majivu yanataka kichujio kifunguliwe na kuoshwa na mtu mwenye vifaa vyake, siyo kupigwa maji ya presha ya kuoshea gari. Kauri hiyo inapasuka.

Pili: sensa ya presha na vibomba vyake vimekaguliwa? Kibomba kilichopasuka kinaweza kuidanganya kompyuta kwamba DPF imejaa wakati ni nzima.

Tatu: masizi yote haya yanatoka wapi? Nozeli inayovuja, turbo inayopitisha oili au vali ya EGR iliyoganda vinaweza kuziba hata kichujio kipya. Fundi anayetaka kukata bila kujibu swali hili anazima king'ora huku nyumba inaungua.

Na kama umeamua kununua kingine, omba urudishiwe cha zamani. Vichujio vingi vina madini ya platinamu ndani na wanunuzi wa chuma chakavu wanalijua hilo vizuri. Usimwachie mtu mali yako akidhani ni takataka.

Ukikata, nani analipa?

Juni 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Anayeuvuta kwa wingi si wewe uliyefunga vioo na kuwasha AC. Ni bodaboda aliye nyuma yako, mama ntilie wa kituoni, na mtoto anayesubiri daladala akiwa na kimo cha bomba lako la moshi.

Tena gari lililokatwa DPF huenda lisitoe moshi mweusi unaoonekana. Chembe mbaya zaidi ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ulaya waligundua hivyo kwa kuchelewa. Uingereza ilianza kuyafelisha magari yaliyoondolewa DPF mwaka 2014, lakini kichujio kilichotobolewa ndani na kurudishwa ganda lake kinamdanganya mkaguzi. Ndiyo maana Uholanzi (Januari 2023) na Ujerumani (Julai 2023) zikaanza kuhesabu chembe zenyewe kwa mashine kwenye ekzosi. Ukaguzi wa kuangalia moshi kwa macho hauwezi kumkamata mtu huyu.

Ni haki pia kusema mwenye gari si mkosaji kila mara. Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba mfumo wa DPF kwenye Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa nchini humo kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro tangu kwenye muundo. Wamiliki wa kule walikuwa na mahakama ya kuwasikiliza. Anayenunua mtumba bandarini ananunua na kasoro zake, na hana wa kumdai.

Hilo linaonyesha mzigo mkubwa uko wapi. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya mwaka 2020 ilisema magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika. Kuuliza umri wa gari peke yake hakutoshi. Gari la miaka saba lenye DPF iliyotobolewa linachafua kuliko la miaka kumi lenye kichujio kizima. Kinachotakiwa ni kupima chembe kabla gari halijapanda meli, na kupima tena likiwa kwetu.

Mpaka siku hiyo, uamuzi mkubwa unaufanya wewe kabla ya kununua. Kama maisha yako ni kilomita tano za foleni asubuhi na tano jioni, dizeli ya kisasa haikufai, chukua ya petroli. Kama kila wiki unaenda Morogoro au Nakuru, dizeli itakutunza, na DPF yake itajisafisha yenyewe njiani.