Boksi jepesi, nauli nzito: mboga zetu na ndege ya mizigo

Mkumbara si wageni wa mzigo kupita juu. Enzi za Wajerumani, mbao za Shume zilishushwa mlimani kwa waya hadi kwenye reli hapa chini. Sasa watu wanaulizia ndege. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767-300F, ndege ya mizigo tu, inayobeba hadi tani 54. Je, itamfaa mkulima wa mboga?

Inategemea nauli, na ndege haiuzi kilo peke yake, inauza na nafasi. Kwa kawaida hupimwa urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, vinazidishwa, kisha jibu linagawanywa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 12. Ukijaza giligilani ikawa kilo 5, bado utalipia 12. Ukijaza maharage machanga yakafika kilo 14, unalipia 14.

Halafu kuna safari ya kurudi. Ndege ikirudi tupu mafuta yanaungua vilevile, na gharama hiyo inaangukia mzigo wa kwenda. Kinachoijaza ni tani za uhakika kila wiki, yaani vikundi, si tenga la mtu mmoja. Na mboga iliyoshinda juani barabarani haiponi kwa kupanda ndege.

Mnunuzi akija na mkataba, muulize kwanza: bei hii ni ya hapa shambani au ya uwanja wa ndege? Mzigo ukilala, hasara ya nani?