Vipuri vya Kwetu na vya Ng'ambo

Wengi wetu husema kwamba kipuri cha ng'ambo ni bora na cha kwetu ni kibovu, na ubishi huishia hapo. Hata mimi nilisema hivyo hadi mwaka jana.

Bushi ya konrodi katika injini ya mashine ya kusaga ya baba ililika. Akanunua mbili zenye chapa ya ng'ambo, kwa fedha ya karo yangu. (Ndiyo sababu nilichelewa kurudi shule juma zima, sikuwa mgonjwa.) Ya kwanza haikumaliza mwezi, injini ikaanza kugonga. Fundi mkerezaji wa mjini akaipima ya pili, iliyokuwa bado ndani ya boksi: ingeacha nafasi ya milimita 0.3 kati yake na pini, nayo haitakiwi kufika hata 0.1. Akakereza nyingine kwa shaba nyeusi, akipima kila mara kwa maikromita. Inafanya kazi mpaka leo.

Lakini fundi huyo huyo alikataa kutengeneza ringi za pistoni. "Mzee, hizo kanunue," alimwambia baba, kwa kuwa hana chuma cha kusubu kisichopoteza mnyumbuko katika joto kali. Kukataa kule ndiko kulikonifanya niiamini bushi yake.

Sisi twajua kuchora maikromita katika madaftari ya fizikia, kuishika, bado. Nawaomba walimu watufungulie kabati Jumamosi moja. Bushi ya boksi ningali nayo, nitaileta.