Mtazamaji wa Safari Rally naye apangiwe njia

KANDO YA BARABARA
Na Hamisi Mwachiro

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Safari Rally, barabara ya Moi South Lake inayoambaa na Ziwa Naivasha huwa imeshajaa. Matatu kutoka Nairobi, magari ya familia, malori yaliyobeba vijana waliosimama, boda boda zinazopenya katikati na abiria wawili wawili. Ndani ya gari moja mama amemlaza mtoto mapajani, chupa ya chai iko miguuni pake, na chapati alizopika usiku zimepoa kitambo. Wametoka nyumbani saa nane usiku. Gari la kwanza la mashindano litapita saa mbili asubuhi na dakika zake, na kipande cha njia litakapopita, kiitwacho hatua, kitafungwa mapema kabla ya hapo. Atakayekuwa bado amekwama kwenye msongamano atausikia mngurumo tu, nyuma ya migunga.

Hakuna aliyemwambia mama huyu kwamba naye yumo katika mashindano ya ustahimilivu.

Sifa ya Safari tangu mwanzo ni hiyo: kustahimili. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu miaka 50 yaliendeshwa kwenye barabara za kawaida ambazo hazikufungwa. Dereva angeweza kukutana na kundi la ng'ombe, basi la abiria au baiskeli yenye mkungu wa ndizi. Kuna miaka ambayo umbali ulipita kilometa 5,000. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza saba tena.

Mtazamaji wa enzi zile hakuhitaji tikiti wala ramani. Alitoka jikoni, akasimama chini ya mwembe wake na kungoja vumbi lionekane kwa mbali. Mvua ilipogeuza njia kuwa tope, yeye na majirani zake ndio waliolisukuma gari lililozama, kisha wakarudi kunywa chai. Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano kati ya 1973 na 1982, walipita mbele ya nyumba za watu. Mashindano yaliwafuata watu walikokuwa.

Siku hizi watu ndio wanaoyafuata mashindano. Baada ya mwaka 2002, ambao Colin McRae alishinda, Safari ilitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia (WRC). Iliporudi mwaka 2021 ilikuwa na sura nyingine kabisa: hatua 18 zenye jumla ya kilometa 320 hivi, zote kwenye barabara zilizofungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba na hifadhi za binafsi kati ya Naivasha na Elmenteita. Miongoni mwa hatua hizo ni Loldia, Kedong, Oserian, Soysambu, Sleeping Warrior na Hell's Gate. Dereva hulala Naivasha, huamkia Naivasha, na jioni hurudi kwa mafundi wake palepale.

Mabadiliko hayo yalikuwa ya lazima. Tarehe 5 Machi 1986, kwenye mashindano ya Ureno, gari la Joaquim Santos liliacha njia karibu na Sintra na kuingia katikati ya umati. Watazamaji watatu walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayetamani magari ya leo yapite kasi mbele ya soko la Gilgil huku watoto wakikatiza barabara. Kufunga barabara kunaokoa maisha, na safu hii inaunga mkono uamuzi huo bila kusita.

Lakini ulipochukuliwa uamuzi huo, mzigo ulihama. Siku ya dereva ilifupishwa, ya mtazamaji ikarefushwa. Aliyekuwa akitembea hatua 20 kutoka mlangoni kwake sasa anasafiri kilometa 90 kutoka Nairobi, au zaidi kutoka Eldoret na Kisumu, kisha anaacha lami na kutafuta lango la shamba asilolijua. Mzigo ukihamishwa, anayeuhamisha ana wajibu wa kusaidia kuubeba.

Tazama jinsi gari la mashindano linavyotunzwa. Kila dereva na mwelekezi wake wana kitabu cha njia kinachoonyesha kila njia panda kwa vipimo vya mita. Wana dakika maalumu ya kuripoti kwenye kila kituo cha kupimia muda: wakichelewa dakika moja wanaongezewa sekunde 10, wakiwahi dakika moja wanaongezewa dakika nzima. Wanajua watatengenezewa gari wapi na kwa muda gani. Mwaka 2021 Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili asubuhi, kisha gari lake likaharibika shokabzoba huko Loldia na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Hata katika balaa lile, Neuville alijua njia ya kurudi kwa mafundi wake.

Mtazamaji hujua jina la hatua na saa ya kuanza. Mengine huyapata kwenye kundi la WhatsApp, kwa binamu aliyekwenda mwaka jana, au kwa kijana wa boda boda anayedai lango liko "hapo mbele tu". Aegeshe wapi? Kutoka maegesho hadi kwenye kona ni mwendo wa dakika ngapi? Choo kiko upande gani? Akitaka kuondoka adhuhuri kwa sababu mtoto anaumwa, ataruhusiwa kupita? Maswali hayo hujibiwa akiwa ameshafika, na mara nyingi majibu huwa mabaya.

Aliyewahi kusimama Kedong anajua kinachofuata. Kwanza helikopta huonekana juu ya kilima. Firimbi za maafisa wa njia hulia, umati unanyamaza. Kisha mngurumo unapanda, gari linachomoza kwenye kona likiwa limelala ubavu, linapita kufumba na kufumbua, na nyuma yake linakuja wingu. Vumbi la Kedong ni laini kama unga wa muhogo. Wanamashindano huliita fesh-fesh. Linaingia kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye mshono wa shati. Mwaka 2021 vumbi la aina hiyo lilimkwamisha Kalle Rovanperä, mmoja wa madereva hodari kuliko wote duniani. Akina mama hujifunika leso usoni, vijana huvuta fulana hadi puani, na kabla wingu halijatulia firimbi inalia tena. Ni raha isiyo na mfano. Ni raha pia inayomchosha mtu vibaya, kwa sababu kati ya alfajiri na alasiri huenda asipate kivuli cha kukalia.

Wapo watakaosema kwamba anayetaka starehe abaki nyumbani na runinga yake. Hoja hiyo inapotosha. Maji, choo, kivuli na usafiri ni sehemu ya usalama. Mtu aliyefika kwa wakati, akaonyeshwa pahali pazuri pa kusimama na akajua choo kilipo, hana haja ya kuvuka utepe. Aliyepoteza muda wa saa tatu kwenye foleni, akakuta mbele pamejaa na haoni kitu, ndiye anayepanda mti ulioinama juu ya njia au kukatiza barabara akidhani gari linalofuata bado liko mbali. Askari na maafisa wa njia wanamfokea, nao wana haki. Lakini hatari yake ilianza saa kumi na moja alfajiri, kule kwenye msongamano.

Wenzetu wamelifanyia kazi jambo hili. Le Mans, Ufaransa, kuna mashindano ya saa 24 yaliyoanza mwaka 1923. Njia yake ina urefu wa zaidi ya kilometa 13, na sehemu yake ni barabara za umma zinazofungwa kwa ajili ya mbio. Mwaka 2023, yalipotimiza miaka 100, yalihudhuriwa na watu 325,000. Mtu hutoka Paris kwa treni ya kasi, akafika mji wa Le Mans baada ya saa moja hivi, akapanda tramu iliyojengwa mwaka 2007 ambayo kituo chake cha mwisho kiko karibu na uwanja. Kutoka hapo mabasi maalumu huwapeleka watazamaji kwenye kona za mbali za Mulsanne na Arnage. Anayetaka kulala ana viwanja vya kupiga hema. Le Mans nao walifundishwa na msiba: mwaka 1955 watazamaji zaidi ya 80 walikufa vipande vya gari lililopata ajali vilipotupwa kwenye umati. Tangu siku hiyo watazamaji hawajachukuliwa tena kama watu waliojileta wenyewe.

Naivasha haina tramu na haihitaji. Ina mji wenye stendi, ina Gilgil upande wa pili, ina reli ya zamani inayopita mjini, na ina matatu mamia ambazo siku zile zinatafuta kazi. Kinachotakiwa ni mpango. Magari ya watu binafsi yaachwe mjini, kwenye viwanja vilivyotengwa na kulindwa. Matatu na mabasi yakodishwe, yapewe vibandiko na njia yao, yafanye zamu kati ya viwanja hivyo na malango ya hatua kuanzia saa kumi alfajiri. Nauli iingizwe kwenye tikiti. Gari moja la abiria 33 linaondoa magari madogo manane au tisa barabarani, na ambulansi inapata pa kupita.

Hali ya hewa nayo ina jambo la kusema. Tangu yaliporudi, mashindano yalikuwa ya Juni hadi 2023. Mwaka 2024 yalisogezwa hadi Pasaka, mwisho wa Machi, na 2025 yakafanyika Machi tena. Huo ni mlango wa masika. Udongo wa majivu ya volkeno unaopeperuka kama unga asubuhi huteleza kama sabuni jioni baada ya mvua, na uwanja wa nyasi uliogeuzwa maegesho hugeuka kidimbwi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuyaacha magari madogo kwenye lami.

Hadi mpango huo uwepo, shabiki ajisaidie. La kwanza ni kuchagua pahali pamoja kwa siku na kutulia hapo. Hatua nyingi hupitwa mara mbili, asubuhi na alasiri, kwa hiyo anayekimbiza magari kutoka Loldia hadi Kedong mara nyingi hukosa hatua zote mbili. Mwenye watoto wadogo au wazee, mwaka ambao ratiba ina hatua fupi ya Kasarani, aende huko: inafikika kwa matatu kutoka katikati ya Nairobi, na magari huonekana kwa muda mrefu kuliko porini. Hell's Gate inawafaa wanaopenda kutembea, maana ni hifadhi ambayo kwa siku za kawaida mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu au baiskeli.

La pili ni mavazi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na chini ya digrii moja tu kutoka ikweta. Alfajiri ni ya sweta, adhuhuri ni ya kofia pana, jioni ni ya koti la mvua na buti za mpira. Leso moja itafanya kazi tatu. Maji yabebwe ya kutosha kutwa nzima, na mfuko wa kurudisha takataka, kwa sababu wenye mashamba yale ni swala na twiga.

La tatu ni kusimama upande unakotoka upepo, pahali pa juu, mbali na ukingo wa nje wa kona, kwa kuwa gari likiteleza huelekea huko.

La nne, na hili wengi hulikosea, ni kungoja gari la mwisho. Umati huanza kuondoka magari kumi ya mbele yakishapita, na hapo hapo barabara inaziba. Madereva wetu wengi huja nyuma. Mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda daraja la WRC3, na waliowahi kukunja viti vyao siku ile hawakumwona Mkenya mwenzao akiandika historia. Anayengoja huona zaidi, na anapoondoka foleni huwa imepungua.

Ombi la safu hii kwa waandaaji na serikali ya Kaunti ya Nakuru ni moja, na halihitaji fedha nyingi. Kabla ya tikiti za mashindano yajayo kuanza kuuzwa, utolewe ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila hatua: lango lipi, basi linatoka wapi na saa ngapi, maji na vyoo viko wapi, barabara inafungwa na kufunguliwa lini. Ubandikwe stendini, usomwe redioni, utumwe kwenye simu. Dereva ana kitabu cha njia. Ukurasa huo uwe kitabu cha mtazamaji.

Mama yule wa chapati apate kiti kwenye basi la kwanza kutoka mjini Naivasha, na kabla hajashuka langoni aambiwe basi la kurudi linaondoka saa ngapi.