Baba Mmoja wa Dodoma

Klipu ilinifikia kupitia kwa mke wangu, naye alitumiwa na dada yake. Mwanamama wa makamo, miwani usoni, kabati la vitabu nyuma yake, anaongea kwa ile sauti ya upole niliyokuwa nimeilipia: "Kuna baba mmoja wa Dodoma alinifuata inboksi..." Sisi tunaishi Morogoro. Hicho ndicho alichobadilisha. Mtoto wa miaka 6 anayekojoa kitandani alibaki vilevile. Waya wa chaji ulibaki. Baba aliyejifungia bafuni baada ya kumchapa mwanawe, akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike sebuleni, naye alibaki, tena akawekewa muziki wa kinanda.

Mke wangu aliitazama mara mbili. Hakuniuliza kitu. Aliiacha simu mezani, akatoka kwenda kuanua mashuka.

Nilipomwandikia yule mshauri, alinijibu kwamba hakutaja jina langu, na kwamba kisa changu kimewasaidia wazazi wengi. Utetezi huu nimeusikia sana tangu siku ile, hata kwa marafiki zangu wenye shahada zao, na kila ninapousikia nakasirika upya. Jina si siri. Jina langu liko kwenye kitambulisho, kwenye mkataba wa pango, kwenye daftari la shule ya mtoto. Siri ni ule waya. Siri ni lile bomba lililofunguliwa. Ukitangaza hivyo na kuficha jina, umewaficha wasionijua, ambao hata hivyo wasingenifanya kitu. Wanaonijua umewapa kila kitu.

Kwa nini nilimwendea yeye? Kwa sababu simu ndiyo ilikuwa mlango pekee niliothubutu kuugonga. Ofisi ya ustawi wa jamii ina benchi nje, na mwanaume akikaa pale mtaa mzima utajua kabla hajaitwa ndani. Baba mdogo nilimgusia kidogo tu, akacheka: "Mwanangu, hata sisi tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Ukimuuliza mtu amekuwa mtu wa namna gani, kikao kinavunjika. Basi usiku mmoja, nyumba imelala, nikatuma shilingi 15,000, kisha nikatuma ujumbe wa sauti wa dakika 11. Sijawahi kuongea dakika 11 mfululizo kuhusu nafsi yangu, si kwa mama yangu, si kwa Mungu.

Majibu yalikuja ya dakika 3. Nijisamehe. Nitenge muda wa kucheza na mtoto. Ana kitabu, kinapatikana kwa elfu 10. Sikushtuka wakati ule, lakini leo ndicho kinachonitisha kuliko hata ile klipu: hakuuliza kama mtoto ana jeraha. Hakuuliza kama nimewahi kumpiga hivyo kabla, wala kama mimi mwenyewe niko salama usiku ule. Mtu aliyefundishwa kazi hii huanzia hapo. Yeye alisikia kisa kizuri.

Sasa wapo watakaosema haya ndiyo malipo ya kuwaacha wazee na kukimbilia mitandaoni. Sikubaliani nao. Wazee wetu walikuwa na somo na kungwi, na ni kweli kwamba somo alijua ya chumbani ambayo hata mama mzazi hakuyajua. Lakini hakuyatunza kwa kuwa alikuwa malaika. Aliyatunza kwa kuwa aliishi mtaa huohuo, na siku akiropoka, hakuna ambaye angempelekea mwali mwingine. Alikuwa na cha kupoteza. Tena wengi wao walifundisha kuvumilia pale ambapo mtu alipaswa kukimbia, kwa hiyo msinirudishe kwao kana kwamba huko ni peponi. Ninachodai kutoka kwao ni kitu kimoja tu: kwamba anayepokea siri yangu naye aweke kitu chake rehani.

Kwenye sheria tumeanza kulielewa hilo. Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, ikaundwa bodi ya kuwasajili. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Lakini mimi, msomi, sikumuuliza mshauri wangu kama amesajiliwa popote wala nani anamsimamia. Niliuliza bei.

Wala msidhani ni ubabaishaji wa kwetu tu. Machi 2023 Federal Trade Commission ya Marekani iliitaka BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa madai kwamba iliwaahidi watu usiri kisha ikazipa Facebook na Snapchat taarifa zao kwa ajili ya matangazo. Yale yalikuwa mabilionea na mawakili wao. Huku kwetu inatosha kuwa na taa ya duara na stendi ya simu.

Na shahada siyo dawa pekee. Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza. Hawana digrii. Lakini wamefundishwa, na wana mtu wa kuwasimamia. Hicho ndicho ninachokitaka kwa yeyote anayejiita mshauri kwenye simu yangu.

Kuna jambo nimelikwepa tangu mwanzo. Nilimfahamuje yule mama? Kwa klipu. Shemeji yangu aliwahi kuisambaza kwenye grupu la familia: kisa cha mwanamke "wa Tanga" aliyemchukia mtoto wake wa kwanza tangu siku anajifungua. Niliitazama hadi mwisho, nikaguswa, nikamtumia rafiki yangu, nikaanza kumfuatilia mshauri. Sikujiuliza Tanga ile ilikuwa wapi. Sikujiuliza kama yule mtoto wa kwanza ana simu. Mimi ni mmoja wa maelfu waliomfundisha mama yule kwamba siri inalipa kuliko ushauri, na wewe unayesoma hapa huenda ni mwingine.

Bado napata ushauri, na bado ni kwa simu. Huyu wa sasa, kabla sijaanza, aliniuliza: "Mtoto yuko wapi sasa hivi, na yuko na nani?" Kisha akaniambia atatunza nitakayosema, isipokuwa akiona mtoto yuko hatarini, hapo atatoa taarifa, na ataniambia kwanza. Niliogopa. Nilimwamini kwa sababu hiyohiyo. Alinipa pia namba 116, ya msaada kwa watoto, ambayo haikatwi salio, akasema hata mzazi anaweza kuipiga. Mke wangu amekuwa akikaa nami kwenye vikao viwili vya mwisho. Katika cha kwanza aliuliza swali moja tu, kwa nini mgeni alijua kabla yake, na sikuwa na jibu.

Waya ule niliutupa. Mtoto bado anakojoa baadhi ya siku, tunaanika mashuka, maisha yanaendelea. Ameanza kusoma maneno marefu. Klipu bado ipo hewani. Nimemwandikia yule mama mara tatu aiondoe, na mara zote tatu alama mbili za bluu zinaonyesha kwamba amesoma.