Televisheni na Usingizi Wako

Mtu akila mpaka tumbo likamuuma, wote husema kwamba amepita kipimo. Lakini akitazama televisheni tangu jioni mpaka jogoo awike, husema, "Anapumzika." Mimi sikubali. Pumziko ni kitu kinachorudisha nguvu. Ukiamka na kichwa kizito na kuwakasirikia watoto, hukupumzika.

Zamani hadithi ya televisheni ilitolewa sehemu moja kila juma. Watu waliitazama, wakazima, wakangoja. Lakini tarehe 1 Februari 2013 kampuni ya Netflix ya Marekani ilitoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa siku moja. Tena, siku hizi sehemu moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe bila wewe kugusa kitu. Mwaka 2017 mkuu wa kampuni hiyo, Reed Hastings, alisema kwamba wanashindana na usingizi. Lifikiri sana neno hilo. Usingizi ni mali yako, na yuko anayeutaka.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu tu. Hadithi za namna hii zimefika kwetu pia, hata katika simu ya mfukoni.

Mwili unapata hasara gani? Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12. Akikosa, atasinzia darasani, na mwalimu atamwita mvivu bure.

Tena kuna hatari ya damu. Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hutembea polepole ndani yake, na pengine huganda. Donge hilo likipanda mpaka mapafuni, laweza kuua. Mwaka 2016 wachunguzi wa Osaka, Ujapani, walitoa habari za watu zaidi ya 86,000. Kifo cha namna hii si cha kila siku. Lakini waliotazama televisheni saa 5 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari hiyo zaidi ya mara mbili kupita wale waliotazama chini ya saa 2 na nusu.

Na watoto wadogo? Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba mtoto asiyefika miaka 2 asiwekwe mbele ya televisheni wala simu kamwe. Wa miaka 2 mpaka 4 asipite saa 1 kwa siku.

Je, tuvunje televisheni? Hapana. Yatuletea habari, mpira na mafundisho mema. Kosa ni kuiacha ichague saa yako ya kulala. Basi fanya hivi:

1. Chagua mwisho kabla ya kuanza. Mwambie mwenzako, "Leo ni sehemu moja tu."
2. Zima katikati ya sehemu, usingoje mwisho wake. Mwisho hutengenezwa kama ndoana, ili utake nyingine.
3. Simama na kutembea kidogo kila nusu saa.
4. Simu isilale kitandani pako.

Hadithi itakungoja mpaka kesho. Usiku uliopita haurudi.